Folda ya Wote

Mlango wa Kristiana ulifungwa kwa kipande cha waya tu. Loth aliusukuma kwa bega ukaachia, na Stefania, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta ulezi, hakupata hata nafasi ya kuweka ungo chini. Panga la kwanza lilipasua ungo. La pili lilimkuta mkononi, chini ya kiwiko, alipokuwa anaukinga uso wake.

"Ulidhani Mpui ni mbinguni?" Loth alimuuliza. "Mke wangu atoke nyumbani kama kuku wa kienyeji, halafu mimi nikae nimtazame?"

Akamkamata nywele, akamburuta juu ya ulezi uliomwagika mpaka kizingitini. Alimpiga kwa bapa la panga mgongoni, mabegani, popote mkono ulipoangukia, huku akimsomea makosa yake: uliondoka bila ruhusa, umenitia aibu kwa mama yangu, umenisema kwa watu. Stefania akaacha kulia. Kristiana aliniambia kwamba hicho ndicho kilichomtisha zaidi, ule ukimya. Yeye alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba. Aliingia na sufuria ya uji unaotokota, akammwagia Loth uji wote usoni, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

Loth alitoka akijigonga ukutani, akapapasa mpaka kwenye pikipiki yake, jicho moja limefumba na ngozi ya shavu imeanza kuachia. Hata hivyo, kabla hajaondoka, aligeuka.

"Mficheni tena!" alipiga kelele. "Popote mtakapompeleka, kompyuta yenu itaniambia."

Kristiana alinisimulia haya kwenye korido ya hospitali, damu ya Stefania imekaukia kwenye kitenge chake. Mimi ni Winifrida, wengi wananiita mama Angela. Chama chetu cha Kimbilio huwahifadhi wanawake wanaokimbia vipigo, kwenye nyumba za watu wa kawaida, huku juu uwandani na kule chini bondeni. Kazi yangu ni tovuti. Anayempokea mwanamke, muuguzi anayemtibu, mratibu wetu, kila mmoja hufungua kwa simu yake na neno lake la siri, akaona kinachomhusu tu. Mimi ndiye ninayeona vyote, hata mahali alipo kila mwanamke. Kristiana hakuwa na undugu wowote na Stefania, na ndiyo maana tulimchagua. Loth asingeweza kukisia.

Mkono wa Stefania ulishonwa. Kabla jua halijatua alikuwa ameshapandishwa gari la kushuka bondeni, kwenda Ilemba kwa muuguzi Kalista. Asubuhi yake nikaandika Ilemba kwenye taarifa yake, ili Kalista aone dawa alizoanzishwa. Nikafunga simu, nikambembeleza mwanangu Angela mgongoni, na hapo ndipo maneno ya Loth yaliponirudia vizuri. Kompyuta yenu itaniambia. Nilikuwa nimeyachukua kama matusi ya mtu aliyeungua.

Nilimpigia Kalista. Simu yake haipatikani; mvua ilikuwa imekata mtandao wa bonde zima. Nikawapigia polisi, wakaniambia gari lao liko Mpui wanamtafuta huyo huyo Loth. Nilikuwa bado nimeishika simu sikioni pale Leonardi, kaka yake Stefania, alipoingia ofisini kwetu. Matope yalimfika magotini na shoka lilikuwa begani.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. Alipindua meza yangu. Kompyuta ndogo ilianguka, kikombe cha chai kikavunjika, Angela akaanza kulia.

"Nani alijua?" alisema. "Mratibu wenu yuko Dodoma wiki nzima. Mlijua wewe na yule mama wa Mpui. Yule amemmwagia uji. Wewe umemmwagia nini?"

"Kaka Leonardi, mimi sijamwambia mtu."

"Basi nani? Malaika?" Alinishika kola ya blauzi, akanisogeza mpaka nikasikia harufu ya pombe ya jana kinywani mwake. "Hii ndiyo elimu yako ya jioni? Uliacha mtoto na jirani, ukaenda kusoma namna ya kuuza watu?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira, lakini nikajizuia. Huyu mtu jana alisimama nje ya wodi mpaka dada yake aliposhonwa.

"Loth alisema kompyuta yetu ndiyo inayomwambia," nikasema. "Kama ni kweli, itamwambia na Ilemba. Niache nikatazame. Sava, kompyuta inayobeba tovuti yetu, iko hapo nyuma ya mashine ya kusaga, kwa Urbano. Njoo unisimamie na hilo shoka lako ukitaka."

Akaniachia. "Ilemba ameshaijua?"

"Sijui. Ndiyo hiyo tunakwenda kuiangalia."

Urbano ni kijana mpole ambaye sava yake moja ya mfumo wa Linux, kwenye chumba chenye feni na mlango mwembamba, inabeba tovuti za nusu ya mji: kwaya, duka la pembejeo, shule ya awali, sisi, na wauza simu za mtumba. Tulimkuta anaosha miguu kwenye beseni. Alikuwa ametoka shamba. Huo ulikuwa msimu wa ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi ndani yake mvua zikielekea mwisho, na msimu huo usimtafute mtu mjini. Watu wanaitana, wanalima shamba la huyu leo na la yule kesho, na jioni wanakunywa pombe ya ulezi.

"Mama Angela! Karibu, karibu. Mbona umepauka hivyo?"

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, nikaanza kutafuta. Nieleze kidogo nilichokuwa nakitafuta. Mtu akiingia kwenye tovuti kwa neno lake la siri, sava haiwezi kumuuliza neno hilo kila anapobonyeza. Humpa namba ndefu, simu yake ikaishika kama kishina cha tiketi, na yenyewe ikaandika faili lenye namba hiyo: huyu ni Winifrida, ameshaingia, mruhusu. Hiyo tunaiita sesheni. Ukiipata namba ya sesheni yangu, huhitaji neno langu la siri. Kwa sava, wewe ni mimi.

Sasa mafaili ya sesheni za tovuti zote za Urbano yalikuwa kwenye folda moja. Na tovuti zote ziliendeshwa kwa jina moja la mtumiaji. Na ruhusa ya folda ilikuwa 777, maana yake yeyote asome, yeyote aandike, yeyote apite.

"Urbano," nikasema, "hii folda ya wote hii, uliiacha hivi kwa nini?"

Akatabasamu kwa aibu. "Ah, hiyo ni ya ntumba. Mwaka juzi nilikuwa shamba, tovuti ya kwaya ikagoma, na simu huko hazishiki. Nikasema hapana, hapa tufanye kama kwenye matuta. Nikawapa watu wachache ninaowaamini ufunguo mmoja, nikafungua milango ya ndani, ili yeyote aliyebaki mjini amsaidie mwenzake. Na imefaa kweli. Hata tovuti yenu, mama Angela, ilishazimika ukaikuta imeshawashwa."

"Nani aliiwasha?"

"Kelvin. Yule wa simu za mtumba pale sokoni. Kijana mzuri sana."

Leonardi aligeuka polepole. "Kelvin yupi?"

"Kelvin huyu wa..." Nadhani ndiyo kwanza Urbano alikumbuka kwamba Kelvin ni mdogo wake Loth.

Leonardi alimrukia. Beseni lilipinduka, maji ya tope yakatapakaa mpaka chini ya sava. Alimgandamiza Urbano ukutani kwa mikono miwili, vidole gumba kwenye koo, na miguu ya Urbano ikawa inateleza kwenye maji bila kupata pa kukanyaga. Nilimpiga Leonardi mgongoni kwa kibodi. Hakuhisi. Nikamuuma mkono. Nilimuuma kweli, mpaka nikaonja chumvi, na ndipo akaachia.

"Ukimuua huyu nani atanisaidia kufunga?" nilimfokea. "Wewe unajua kufunga?"

Urbano alikuwa amepiga magoti, anakohoa, uso umekuwa wa rangi ya udongo. Nilirudi kwenye kioo cha kompyuta. Ndani ya tovuti ya Kelvin, katikati ya picha za simu, nilikuta ukurasa mdogo usio na kichwa. Kazi yake ilikuwa moja: kusoma folda ya wote na kumwonyesha mafaili mapya. Kisha nikafungua kumbukumbu za sava. Sesheni yangu ya juzi ilikuwa imetumiwa na simu mbili. Moja yangu. Nyingine ilikuwa imefungua taarifa ya Stefania, ikasoma Mpui, ikaondoka.

"Na leo?" Leonardi aliuliza juu ya bega langu. "Leo ameifungua?"

Niliangalia. Nikaangalia tena, maana macho yalikuwa yananidanganya kwa woga.

"Leo bado."

Leonardi akavuta pumzi ndefu. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imetulia, na huo utulivu sikuupenda.

"Usifunge," alisema. "Futa Ilemba. Andika yuko kwangu, Kaoze."

"Nini?"

"Andika kwangu. Aje. Mimi nitamngoja nyuma ya mlango na hiki." Aligonga mpini wa shoka. "Akiingia hatoki. Kesho Stefania anarudi kulima shamba lake."

"Kwako kuna mke na watoto."

"Nitawaondoa."

"Na akikosea nyumba? Loth ana jicho moja leo, kaka. Akiuliza kwa jirani? Akimkuta mama fulani anapepeta ulezi, ana kitenge kama cha Stefania?" Angela alikuwa anajinyonganyonga mgongoni, nikasimama nimtikise. "Kijiji chochote nitakachoandika hapo kina mtu mlangoni. Siandiki."

"Utaandika."

"Siandiki, Leonardi."

Alinyanyua mkono. Niliuona ukipanda, mpana, una sugu za jembe, na nikageuka ili unipate mimi usoni, usimfikie mtoto. Angela akachungulia juu ya bega langu na kumtazama na kamasi zake. Mkono ulibaki juu. Kisha Leonardi akaupiga mlango, mbao ya katikati ikapasuka, akajikalisha kwenye maji na shoka lake mapajani.

"Funga basi," alisema. "Funga haraka."

Tulifanya kazi, mimi na Urbano, yeye akinong'ona tu kwa sababu koo lilikuwa limevimba. Tulianza na yetu. Tuliitengenezea Kimbilio mtumiaji wake ndani ya Linux, na PHP yetu, programu inayoendesha kurasa, ikaendeshwa kwa jina hilo pekee. Nikataka kuweka folda mpya ya sesheni karibu na kurasa zetu, Urbano akanishika mkono.

"Si humo," alinong'ona. "Humo mtu anaweza kuifikia kwa kivinjari. Itoe nje kabisa."

Nikaitoa nje. Nikaipa 700: mwenyewe asome, mwenyewe aandike, mwenyewe apite, mwingine yeyote akute ukuta. Kwenye mpangilio wa PHP nikaelekeza session.save_path, yaani mahali pa kutunza sesheni, huko. Urbano akaongeza kwamba sava isipokee namba ambayo haikuitoa yenyewe, na kila mtu anapoingia apewe namba mpya. Kisha tukafanya vivyo hivyo kwa kwaya, kwa shule, kwa duka, hata kwa Kelvin mwenyewe, kila mmoja na chumba chake. Nikafuta ule ukurasa wake. Nikafuta mafaili yote ya folda ya wote. Urbano akawasha PHP upya, na mji mzima ukatupwa nje ya tovuti zake.

Muda si mrefu simu ya Urbano ikalia. Aliiweka mezani, sauti ya nje.

"Mambo, kaka Urbano! Vipi, sava imelala? Mshikaji wangu, imenitupa nje, na kale kaukurasa kangu ka... ka bei, sikaoni."

Leonardi alisimama. Alimwonyesha Urbano kwa kidole: mwambie aje. Mimi nikatikisa kichwa.

"Narekebisha, Kelvin," Urbano alinong'ona. "Usije. Kaa huko huko."

"Mbona sauti hivyo? Unaumwa mafua?"

Nyuma ya Kelvin tukasikia sauti nyingine, nzito, inayotoka mdomoni mwa mtu asiyeweza kufungua midomo vizuri. "Muulize yuko na nani." Kisha simu ikakatika.

Nilijua tulikuwa na dakika chache tu, kiasi cha mtu kufika kwa pikipiki kutoka sokoni. Ningeweza kuondoka na mwanangu. Lakini ufunguo mmoja wa Urbano, ule wa msimu wa ntumba, bado ulikuwa mkononi mwa Kelvin. Kwa ufunguo ule angeingia kwa mlango wa mwenye sava, ambaye hazuiwi na 700 wala na chochote. Angefungua Ilemba kama anafungua sufuria.

"Badilisha ufunguo," nikamwambia Urbano. "Sasa hivi."

"Vidole vyangu," alisema. Vilikuwa vinaruka. Nikakaa mimi. Neno jipya, refu, nikalikosea, sava ikakataa. Nikaanza upya. Nje pikipiki ilizimwa. Nikaandika tena, nikathibitisha, na ile mistari mifupi ya sava ikanijibu kwamba imekubali, na hapo hapo mlango uliopasuka ukang'oka wote.

Kelvin aliingia kwanza, kwa sababu alikuwa amesukumwa. Nyuma yake Loth, kitambaa kimefungwa nusu ya uso, kimelowa dawa na usaha, na panga mkononi. Urbano alikuwa karibu na mlango. Panga lilimshukia begani kabla hajasema neno, akaanguka juu ya beseni. Leonardi alizungusha shoka lakini chumba kilikuwa kidogo mno. Lilipiga feni, likanasa kwenye nyaya zake. Loth akamkata mkononi. Niliona kidole kikiruka, nikadhani ni kipande cha plastiki cha feni, mpaka Leonardi alipoushika mkono wake na kuutazama kama kitu cha mtu mwingine. Loth alimpiga teke la tumbo, akaanguka kwenye kona.

"Kelvin," Loth alisema. "Ingia. Soma."

Kelvin alibonyeza simu yake, akabonyeza tena. "Broo, imekataa. Wamebadilisha."

"Si ulisema hakuna mlango usioweza kuufungua?"

"Ilikuwa wazi, broo. Mimi sikufungua kitu. Ilikuwa wazi tu."

Loth alimzaba kofi lililomgeuza mzima. "Mavi ya kuku wewe. Nimekununulia simu hiyo." Kisha akanigeukia mimi.

Alinishika nywele, kama alivyomshika Stefania. Nilikumbuka hilo waziwazi. Nilikumbuka na ulezi sakafuni.

"Wewe ndiye Winifrida. Nimekuwa wewe wiki nzima," alisema, na ile midomo iliyoungua ikajaribu kucheka. "Yuko wapi mke wangu?"

"Sijui."

Alinipiga kwa mpini wa panga mdomoni. Jino lilivunjika, nikalisikia kwenye ulimi. Angela alikuwa anapiga kelele sikioni mwangu, miguu yake midogo inanipiga mbavuni.

"Yuko wapi?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, pamoja na damu na kile kipande cha jino, neno fupi. Sava ilikuwa imefungwa, imebaki mimi. Akanipiga tena, akaliweka panga kwenye mkanda wa kitenge kilichombeba mwanangu, akalisukuma kidogo tu, uzi mmoja ukakatika.

"Nikimshusha huyu utasema?"

Nikafungua mdomo. Kelvin alinitazama, na nadhani alidhani nasema. Nilipiga yowe. Sijui lilitoka wapi, si sauti yangu ninayoijua. Lilitoka na damu, likamrukia Loth usoni, kwenye kidonda, na akarudi nyuma kidogo. Kidogo hicho kilinitosha. Nilijirusha kifudifudi chini ya meza ya sava, panga likapiga meza.

Upande wa pili wa ukuta wanawake walikuwa kwenye foleni ya kusaga, wakalisikia yowe. Walikuja na walichokuwa nacho: fito za kusukumia mahindi, debe, mmoja na mti wa mzani. Aliyetangulia alikuwa mama mnene, uso mweupe kwa unga.

"Nani anampiga mwenye mtoto mgongoni?" aliuliza.

"Hayakuhusu, mama. Ni mambo ya mke wangu."

"Huyu ni mkeo?"

"Si yeye, ila..."

"Kumbe unapiga hata wasio wako!"

Debe lilimpata Loth upande wa uso uliokuwa mzima. Alilizungusha panga likamkata mmoja mkononi, akalia, na kilio kile kikawaingiza waliokuwa bado wanasita nje. Mmoja alimvisha gunia tupu kichwani, wenzake wakavuta chini. Kulikuwa na fito, visigino, mapafu yanayohema, na vumbi la unga hewani mpaka usione. Loth alitukana ndani ya gunia, kisha akaomba, kisha akawa anakoroma. Walimkalia. Walimfunga miguu kwa kamba ya katani. Kelvin alikuwa amejikunyata kwenye mlango, amefunika kichwa, anasema, "Mimi simo, mama zangu, mimi simo."

Basi mimi nikadhani yamekwisha.

Leonardi alitoka kwenye kona. Alikuwa amelinasua shoka kwenye feni, kalishika kwa mkono mmoja, ule mwingine unachuruzika.

"Ondokeni," aliwaambia wanawake.

"Mwache, baba," yule mama mnene alisema. "Si yuko chini?"

"Na dada yangu alikuwa chini."

"Leonardi." Nilitambaa kutoka chini ya meza. Maneno yalikuwa yanatoka yamevimba. "Ukimuua utakwenda wewe. Stefania atabaki na nani?"

Alinitazama. Nadhani alinisikia, nitaamini hivyo siku zote. Aligeuza shoka, makali juu, kisogo chini. Mmoja wa wanawake alikuwa ameubana mkono wa kulia wa Loth sakafuni, ule wa panga, na alipoona shoka linapanda akauachia na kuruka pembeni. Loth hakuwahi kuuondoa. Mfupa ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Leonardi alipiga tena pale pale. Halafu akaliweka shoka chini taratibu, akaketi kando ya mtu yule anayelia ndani ya gunia, akafunga pale kidole kilipokatika kwa pindo la shati.

Polisi walipofika waliwachukua wote watatu, Loth, Kelvin na Leonardi. Leonardi alipanda gari mwenyewe. Urbano walimbeba kwenye mlango wake uliong'oka, na akiwa juu yake bado alikuwa ananinong'oneza.

"Mama Angela. Ile ya shule ya awali. Tumeiwekea 700?"

"Tumeiwekea. Nyamaza, utatoka damu zaidi."

Mtandao wa bondeni ulirudi nikiwa kwenye benchi la hospitali, foleni ya kushonwa mdomo, Angela amelala mapajani. Kitenge kilikuwa na tundu nililoweza kuingiza kidole. Nilikuwa nimemvua nguo zote, nikamkagua mgongo, mapaja, nyayo, nikamvisha, kisha nikamvua tena. Hakuwa na hata mkwaruzo. Simu ikaita, na Kalista akapokea, akiongea kwa sauti ya chini.

"Winifrida? Mbona tovuti imenitupa nje? Halafu mbona unaongea kama una kiazi mdomoni?"

"Utapewa neno jipya. Stefania yuko wapi?"

"Yuko hapa ndani, amelala. Tangu alipofika alikuwa amekaa tu anatazama mlango, hataki kulala wala kula, kila pikipiki ikipita anasimama. Ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi saa hii, jua linawaka. Nimwamshe uongee naye?"

"Hapana, mwache."

"Akiamka nimwambie nini?"

Nilifikiria Leonardi kwenye gari la polisi, na kidole chake. Hayo angekuja kuyasikia, na ningemwambia mimi mwenyewe, uso kwa uso. Damu ilikuwa imeanza kujaa tena mdomoni, nikaimeza.

"Mwambie ale," nikasema. "Kisha alale tena. Hakuna anayekuja."